Nilivyokwenda Handeni Kusema Sijui

Mmeniuliza wengi, barazani, sokoni, hata nje ya msikiti, na kila mmoja nimempa kipande chake. Matokeo yake Kaniki anajua habari za lori, mke wa Kaniki anajua habari za bada, na nyumbani kwa Kaniki wanabishana kama ni safari moja au mbili. Ilikuwa moja. Naiandika yote hapa, msomeane wenyewe, nami ninywe kahawa yangu kwa amani.

Kilichonitoa Magoma

Kazi yangu ya uzeeni mnaijua. Jumapili jioni redio ndogo ya Korogwe hunipigia simu, hunichezea nyimbo mpya, nami nazisema hewani: huu unachezeka, huu umepikwa haraka, huyu anaimba vizuri ila ngoma imemfunika. Wenzangu wa rika langu wanapenda dansi la magitaa na tarumbeta, nami silikatai. Lakini ukweli ni kwamba muziki wa kompyuta ndio unaoniamsha. Singeli ikianza, ile mbio yake kama mtu anayeanua mahindi mvua imeshafika, nasahau magoti yangu. Vijana wakaniita Mzee Masikio. Jina hilo nililipenda kupita kiasi, na ndilo lililoniponza.

Jumapili moja walinichezea wimbo wa Zuhura, binti wa Handeni anayetengeneza muziki kwa simu na kompyuta kuukuu, na anayepata riziki kwa kupiga muziki kwenye harusi kwa spika zake mwenyewe. Wimbo ulikuwa mtamu tangu mwanzo. Katikati sauti zote zikakatika, ukabaki mdundo mmoja unaochechemea: unapiga, unapiga, unasita, unaanguka. Sijawahi kusikia kitu kama kile kwenye muziki wa dansi. Mtu mwenye akili angesema hivyohivyo. Mimi nikasema, "Wanawake mliochezwa unyago, mdundo huu mnaujua. Binti huyu ameitoa ngoma ya mwali ndani akaileta uwanjani. Ujasiri ulioje!"

Nilidhani nimemsifu. Na ngoma ya mwali nilikuwa naijulia wapi? Utotoni niliisikia kwa mbali, nyumba tatu zimepita katikati, mama akitufukuza twende mtoni. Nilitaka tu watu waseme, mzee yule hakuna asichokijua.

Siku chache baadaye Zuhura akanipigia.

"Shikamoo babu. Mimi Zuhura wa Handeni."

"Marahaba mjukuu! Wimbo wako…"

"Babu, umenimaliza."

Akanieleza. Wanawake wa kwao walisema ameuza siri za ndani. Jumamosi ile kulikuwa na harusi ya rafiki yake, naye ndiye aliyeitwa kupiga muziki. Sasa wanawake walisema akifungua spika zake, wao wanaondoka, na harusi bila wanawake si harusi. Waliomwita kwa harusi nyingine nao walishaanza kunyamaza. Baba yake alimwambia auze vyombo atafute kazi nyingine.

"Lakini si ngoma ya mwali?" nikauliza.

"Si ngoma ya mwali, babu! Nimesema mpaka nimechoka. Wananijibu, Mzee Masikio ni mtu mzima, hawezi kusema uongo redioni."

Nikampigia mtangazaji nitengue kauli hewani, na Zuhura nikamwambia awaarifu wanawake wa kwao. Zuhura akanirudishia jibu la kungwi wao, Bibi Mwanahamisi: "Aliyasema tukiwa hatumwoni. Aje ayarudishe tukimwona." Na iwe kabla ya harusi.

Mke wangu alinifungia kanzu safi kwenye mfuko. "Ukifika," alisema, "usiongeze lingine."

Magoma hadi Kwashemshi

Niliondoka Alhamisi, nikijua Ijumaa ningekuwa Handeni nimeshakula na kuoga. Mvua ilikuwa na hesabu zake. Magari ya abiria hayakupanda siku hiyo, nikapata lori la mpunga lililotoka Mashewa. Dereva wake, Chande, alikuwa mtu mnene mwenye furaha, hakunijua, nami sikujitambulisha. Nilisema tu naenda kusalimia jamaa.

Karibu na Kerenge lori likazama. Chande alijaribu mbele, akajaribu nyuma, likazidi kukaa chini kama kuku anayetamia. Watu wakatoka mashambani na majembe yao, wanaume na wanawake, wakatuzunguka wakicheka.

"Tutasukuma," alisema mama mmoja aliyejifunga khanga kiunoni, "lakini bila muziki hatusukumi. Weka kitu cha kututia nguvu."

Chande akachomeka flashi yake, akafungua milango yote miwili. Tukaegemea lori. Wimbo wa kwanza, likatikisika. Wimbo wa pili, likapanda nusu ya shimo. Wimbo wa tatu ulikuwa wa Zuhura. Niliujua tangu pigo la kwanza. Lori lilikuwa linapanda vizuri kabisa, vumbi hakuna ila tope usoni, watu wanaitikia, mpaka wimbo ukafika pale katikati. Ule mdundo wa kuchechemea ukaingia.

"Zima huo!" mama wa khanga akapiga kelele. "Zima! Una mambo ya ndani huo!"

Wanawake wote wakaachia kwa pamoja, wengine wakiziba masikio. Sisi wanaume tulibaki na lori zima la mpunga kwa kitambo cha kuvuta pumzi moja, kisha likarudi shimoni pale pale, na kuzidi.

"Mambo gani ya ndani?" Chande akauliza, tope mpaka nyusi.

"Muulize Mzee Masikio wa redioni. Ndiye kasema."

"Kama kasema yeye, basi," Chande akajibu kwa heshima, akaenda kuzima.

Nilikuwa nimeinama nikiangalia gurudumu. Ningeweza kusema pale pale. Kinywa kilikuwepo, watu walikuwepo. Sikusema. Niliokota jiwe nikaliweka chini ya gurudumu kama mtu mwenye shughuli nyingi.

Tulitoka jioni, tukaishia Kwashemshi kwa sababu mbele maji yalikuwa juu ya barabara. Chande alilala ndani ya lori. Mimi nilipokelewa na Mama Eliza, mjane mmoja, Msambaa mwenzangu, Mkristo, ambaye hakuniuliza natoka wapi mpaka niliposhiba. Ndizi za kuchemsha na maharage, na parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Alisali kabla ya kula, nami nikasema bismillahi yangu, tukaanza pamoja.

Simu yake ilikuwa ikicheza kwaya. Nikamsifu mpiga kinanda wao, ana vidole vyepesi.

"Hakuna mpiga kinanda," alisema Mama Eliza. "Mwalimu wa kwaya anabonyeza kompyuta, kinapiga chenyewe."

Nikajilia ndizi.

Korogwe

Ijumaa mchana maji yalipungua tukashuka mjini. Chande alinishusha karibu na stendi, nikiwa na njaa na tope limekauka mpaka kwenye ndevu. Niliingia kwa mama lishe mmoja mwenye banda la bati, akinipa mgongo, akisonga ugali na kugombana na redio.

"Huyo mzee nikimkamata!" alikuwa anawaambia madereva waliokaa kwenye benchi. "Mpwa wangu anaolewa kesho Handeni, muziki umekatazwa kwa sababu ya huyo. Sijui ni mzee gani asiyekaa kimya akasinzia kama wazee wenziwe!"

"Labda kweli alisikia," dereva mmoja akasema.

"Alisikia wapi? Alikuwa mle ndani? Alivaa khanga?"

Madereva wakacheka mpaka wakapaliwa. Mimi nikakaa pembeni. Alipogeuka na kuniuliza nitakula nini, nilimwonyesha kwa kidole sufuria ya samaki. Wali? Nikatikisa kichwa. Ugali? Nikaitikia kwa kichwa. Alinitazama kwa huruma.

"Masikini, babu bubu," akawaambia wengine, akaniongezea mchuzi.

Nilikula vizuri sana. Hilo ndilo baya. Samaki alikuwa wa nazi, ugali laini, na pilipili ya kuponda iliyonitoa jasho. Niliimaliza sahani, na kwa tamaa nikasahau, nikasema kwa sauti yangu yote ya Jumapili jioni, "Mama, naomba mchuzi kidogo."

Madereva wote wakanigeukia. Mwiko wake ukabaki hewani.

"Sauti hiyo," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Wewe!"

"Mimi. Naenda Handeni kuyarudisha."

Nilidhani atanimwagia mchuzi. Alinimiminia kwenye sahani, polepole, bila kuniondolea macho. "Kula haraka," alisema. "Gari la Handeni linaondoka. Na ukifika, ukawe bubu kama ulivyokuwa hapa, ila kwa neno moja tu."

Alinisindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari, akanishika mkono wa kanzu kama polisi, akamwambia kondakta, "Huyu asishuke njiani."

Sindeni

Nilishuka njiani. Si kwa kupenda, gari liliharibika Sindeni, fundi akaitwa, fundi akasema kesho. Abiria wengine walipata pikipiki. Mimi na mgongo wangu hatukupata aliyetutaka, nikalala kwenye chumba cha wageni, ukuta kwa ukuta na watu waliokuwa wanatazama mpira.

Jumamosi asubuhi niliketi kwenye kibanda cha chai nikihesabu ng'ombe wa Wamasai wakivuka barabara bila haraka yoyote. Harusi ilikuwa alasiri. Hakuna gari. Mzee mmoja Mzigua, jina lake Sefu, alikuwa akipakia viroba vya muhogo kwenye bajaji yake ya mizigo. Akanisalimu, nikamsalimu, akaniuliza mbona nimekaa kama mtu aliyekosa treni.

Nilikuwa nimechoka kujificha. Nikamwambia yote, jina, redio, wimbo, lori, mama lishe.

Mzee Sefu alikaa chini ili acheke vizuri. "Ninyi Wasambaa," alisema akijifuta macho, "mkikaa huko mlimani mnasikia ubaridi tu. Mkishuka, masikio yanafunguka yote kwa pamoja, mnaanza kusikia na yasiyokuwepo!"

"Mimi nakaa Magoma. Ni bondeni."

"Hata hivyo. Ubaridi ulishaingia." Akasogeza kiroba. "Panda juu ya muhogo. Nakupeleka mpaka mbele ya Bibi Mwanahamisi. Sitaki kuhadithiwa, nataka kuona."

Kabla hatujaondoka mkewe alileta bada, ule ugali wa muhogo, ya moto na mlenda. Mimi, kwa kutaka kuonyesha adabu, nilimega matonge madogo madogo. Mama yule akadhani sipendi, akaniondolea sahani akaniletea mkate wa dukani. Niliupokea kwa mikono miwili. Nilikula mkate mkavu nikiitazama bada yangu ikiliwa na Sefu.

Kwa akina Zuhura

Handeni tuliipita mjini bila kusimama, tukakata kushoto kwenye njia ya vumbi jekundu, nami juu ya viroba nikishikilia kofia. Nyumba ya akina Zuhura ina mti wa mkorosho mbele na banda la mashine ya kusaga pembeni, ambamo wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao za mahindi.

Zuhura akatoka. Ni binti mwembamba, amevaa ushungi na kalamu nyuma ya sikio.

"Shikamoo babu. Kumbe mfupi hivi! Redioni nilidhani u mrefu."

"Marahaba. Redio inarefusha watu. Mjukuu, nimekuja, nisamehe."

Alinitazama, akatazama chini. "Kwanza njoo usikie."

Akaniingiza kwenye banda la mashine. Baba yake, Mzee Rajabu, alinipa mkono uliojaa unga, akaiwasha mashine. Mkanda wa mashine ile ni wa zamani na umelegea. Ukizunguka unachapa, unachapa, unasita, unaanguka. Ndio huo. Huo huo. Binti alikaa na simu yake kando ya mkanda, akaurekodi, akaukata, akaupanga juu ya ngoma za kompyuta. Na kila mwanamke wa kijiji kile alishasimama pale na ndoo yake akiusikiliza maisha yake yote, kisha mimi nikawaambia kutoka Magoma kwamba ni kitu kingine, wakaniamini mimi.

Nilifurahi na kuaibika kwa wakati mmoja. Nikaanza kutunga hotuba kichwani. Nilikuwa nimeshafika kwenye tofauti ya mdundo wa kuzunguka na mdundo wa mkono, Bibi Mwanahamisi alipoingia. Ni mama wa makamo ya juu, mnyoofu kama mchi, na wanawake waliokuwa wakicheka pale mlangoni waliacha.

"Shikamoo," nilisema, ingawa huenda namzidi umri.

"Marahaba," alijibu, na hakuona ajabu yoyote. "Umeoa?"

"Nimeoa, bibi."

"Mkeo alichezwa?"

"Alichezwa."

"Alikwambia ngoma yake inavyolia?"

"Hakuniambia. Sikumwuliza."

"Basi ulijulia wapi?"

"Sikujua. Nilibahatisha."

Aliketi juu ya gunia. Nikapata ujasiri nikamwuliza, "Lakini bibi, wewe unaijua. Ungewaambia tu kwamba siyo, yakaisha."

"Ningewaambia?" Akacheka kidogo bila meno kuonekana. "Nikisema siyo hii, mwanamume mwenzio ataniuliza, basi yenyewe inaliaje? Nikinyamaza, wanasema, mnaona, amekubali. Jambo la ndani halisemwi ndiyo, halisemwi siyo. Umeweka jiwe mlangoni kwangu, siwezi kuliondoa bila kuufungua mlango. Uliyeliweka ndiwe uliondoe."

"Nitaliondoa leo. Nitawaeleza habari ya mashine, mkanda, jinsi sauti inavyo…"

"Hutaeleza." Alinyoosha kidole. "Ukieleza, watasema Mzee Masikio ana hekima, amejua na hili. Kesho utakuja kutueleza mengine. Wewe utasema hujui. Basi."

"Sijui tu?"

"Hujui tu."

Mzee Sefu, aliyekuwa amekaa mlangoni na muhogo mbichi mdomoni, alitikisika mabega.

Uwanjani

Alasiri watu walikuwa wamejaa. Spika za Zuhura zilisimama kimya, zimefunikwa shuka, na wanawake walikuwa wamekaa upande mmoja, wengine mikoba mapajani kama wanaosubiri gari. Bibi harusi alikuwa akizitazama zile spika zaidi kuliko alivyomtazama mumewe. Zuhura alikaa kwenye kiti nyuma ya meza yake, mikono mapajani. Baba yake alisimama mbali, karibu na uzio.

Nikapewa kipaza sauti. Nimezungumza na maelfu nisiowaona, sikuwahi kuzungumza na mia ninaowaona.

"Ndugu zangu," nilianza, "muziki wa kompyuta una tabia yake. Tukichukua kwa mfano…"

Bibi Mwanahamisi akakohoa.

Nikaiacha hotuba. Amini usiamini, neno lile halikutaka kutoka. Nimetafuta maneno ya kusifu na ya kukosoa kwa miaka, hilo nilikuwa sijawahi kulitumia hadharani.

"Mimi ndiye yule mzee wa redioni," nilisema. "Nilisema wimbo wa Zuhura una ngoma ya mwali. Ngoma ya mwali siijui. Sijawahi kuijua. Nilisema kitu nisichokijua, nikamharibia binti wa watu kazi. Zuhura, nisamehe. Sijui."

Kisha mama mmoja kutoka nyuma: "Rudia, huku hatujasikia!"

"Sijui!"

"Na huku kwa wapishi!"

"Sijui, jamani!"

"Wanaume nao wasikie!" Sauti hiyo niliitambua. Mama lishe wa Korogwe alikuwa amefika kabla yangu, amevaa dera la kijani.

Nikawageukia wanaume nikasema tena, na safari hii lilitoka jepesi, hata nikacheka. Kicheko kikapita uwanja mzima. Bibi Mwanahamisi akasimama.

"Mmemsikia?"

"Tumemsikia!"

"Anajua?"

"Hajui!"

"Basi hakuna kilichotoka ndani," alisema. Mikoba ikashuka kutoka mapajani. "Haya binti. Funua vyombo vyako." Kisha akanigeukia. "Na wewe una faini. Kila Jumapili unatuambia upi unachezeka, sasa tukuone."

Zuhura aliivuta shuka kwa mkono mmoja. Hakutabasamu, alikuwa ameuma mdomo. Akabonyeza, na wimbo wake ukatoka kwenye spika zile kwa ukubwa ambao simu yangu haikuwahi kunionyesha.

Nikacheza. Peke yangu kwanza, katikati ya duara, mzee mwenye kanzu. Wanawake walinikosoa waziwazi: "Miguu ipo, mabega yamelala!" "Babu, usiikimbize, ikufuate!" Zote zilikuwa hukumu za haki. Ilipofika pale katikati, ule mdundo ukaingia, nao wakaingia, wote, bibi harusi mbele, na vigelegele vikaufunika muziki. Ng'ambo, kwenye uzio, Mzee Rajabu alikuwa akigonga mbao kwa kidole, haachi pigo hata moja.

Mama mmoja mgeni, ametoka upande wa bwana harusi, alicheza mpaka akafika mbele yangu.

"Mzee!" akanipigia kelele sikioni. "Mdundo huu mtamu! Ni wa kitu gani?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

"Sijui, mama," nikasema. "Mwenye wimbo yule pale, kamwulize."

Akaenda akicheza. Nikamwona anainama mezani, nikamwona Zuhura akimwambia kitu huku akionyesha kwa mkono upande wa nyumbani kwao, na sasa akicheka. Mama yule akashika kichwa kwa mikono miwili. Akarudi mbio akiwapangua watu, akanishika bega, hawezi kusema kwa kicheko.

"Mashine!" alisema. "Ni mashine ya kusaga! Ya baba yake!"

"Hee!" nikasema. "Mashine?"

"Mashine, mzee!"

"Hebu nieleze," nikamwambia, naye akanieleza yote, tangu mwanzo, tukiendelea kucheza.